Mwalimu wa Hariri ya Yokohama

Nilimkasirikia Mwalimu kwa miaka mitatu, na kabla ya hapo nilikuwa nimemvumilia kwa minane. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu akadhani nimekaa hapa kumpamba. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mtu ambaye ungemwomba akusaidie kubeba kochi hadi ghorofa ya pili, naye angesimama katikati ya ngazi, uzito wote ukiwa begani mwako, ili akueleze kwa nini Ufaransa iliishiwa na viwavi wa hariri.

Waliishiwa kwa sababu ya ugonjwa. Viwavi wa Ufaransa na Italia walikufa, na wafugaji wakaanza kuagiza mayai ya viwavi kutoka Japani, yakiwa yamebandikwa kwenye kadi za karatasi kama punje za wimbi. Najua hayo yote. Sikuomba kuyajua. Niliyajua nikiwa nimeshika mguu wa kochi.

Tulikutana Arlington, Texas, katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nilikuwa muuguzi wa zamu, yeye msaidizi: kuwaogesha wazee, kuwalisha, kubadilisha shuka, kusukuma viti vya magurudumu hadi ukumbini. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata Wamarekani, ambao walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Mimi aliniita Sista, kama tunavyowaita wauguzi kwetu Kenya, na hakuwahi kuniita vinginevyo, hata siku nilipompigia kelele.

Alikuwa amekuja Texas mwanzoni mwa miaka ya tisini kusomea uzamivu wa historia. Somo lake lilikuwa biashara ya nje ya Japani tangu bandari zilipofunguliwa mwaka 1859 hadi karne ile ilipokwisha: hariri ghafi, chai, mayai ya viwavi, mikataba. Watu walicheka. Mkenya, anasoma Japani, akiwa Texas. Yeye hakuona kichekesho. Huko nyumbani alikuwa amefundisha sekondari karibu na kiwanda cha chai, na mwaka mmoja mwanafunzi wake alimuuliza kwa nini chai wanayoichuma inaondoka bila jina kisha inarudi kwenye kopo lenye jina la mtu mwingine. Alisema swali lile lilimharibia usingizi mpaka akasoma mahali fulani kwamba palikuwa na nchi iliyolazimishwa kufungua bandari zake, ikanyimwa hata uwezo wa kujipangia ushuru, na ambayo wanawake wake walikausha chai upya juu ya majiko ya moto kule bandarini Yokohama, wakaitia rangi ipendeze macho ya Wamarekani. Na nchi hiyo haikubaki pale ilipowekwa.

"Sista, walifanyaje?" aliniuliza siku ya kwanza tulipokunywa chai pamoja. Nilidhani ananiuliza mimi. Kumbe alikuwa anaanza.

Wazee wa pale walimpenda kuliko walivyotupenda sisi wengine. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa fundi wa nguo ujanani mwake, mikono yake sasa imejikunja kwa baridi yabisi. Kila asubuhi Mwalimu alipoingia na beseni, bibi aliuliza, "Leo kuna habari gani Yokohama?" Mwalimu alijibu kana kwamba simu imefika saa ile ile.

"Mbaya. Shehena ya hariri imekataliwa."

"Kwa sababu gani?"

"Wanasema ina mafundo."

"Na inayo?"

"Jana haikuwa nayo. Jana bei ilikuwa juu."

Bibi alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli, na Mwalimu akamwosha miguu. Nilikuwa nasikia hayo kutoka mlangoni nikiwa na trei ya dawa, na sikuweza kumkemea kwa kuchelewa.

Alikuwa na misemo yake. "Bei hutengenezwa pale mzigo unapofunguliwa." Huo aliurudia mpaka wapishi wakaujua. Mwingine: "Mwenye mizani ndiye mwenye maneno." Hakupenda Kiswahili cha kuchanganya. Ukisema "nita-apply" alikusimamisha: "Utaomba, Sista. Kiswahili hakijafiwa na kitenzi hicho." Lakini akikasirika alihamia Kiingereza moja kwa moja, Kiingereza cha ubaoni, na hakujisimamisha. Aliwahubiria vijana wa Kenya pale Arlington kwamba kazi isiyo na tarehe ya kwisha ni matembezi, na yeye mwenyewe alikuwa akiandika kitabu chake cha uzamivu kwa mwaka wa kumi. Gari lake lilikuwa la Kimarekani, kubwa, linalozima kwenye taa za barabarani. Tulipomcheka kwamba bingwa wa Japani haendeshi gari la Japani, alijibu kwa heshima kabisa kwamba yeye alisomea Japani ya hariri, si ya magari.

Kile kitabu. Chuo kilimfadhili kwa miaka michache, fedha za chuo zikakatika, akaingia kazini nasi ili amalizie akiwa anafanya kazi. Mimi nilijitolea kumpigia chapa, Jumapili baada ya kanisa, kwenye kompyuta yangu. Nilipiga sura ya kwanza. Wiki iliyofuata akaniletea sura ya kwanza, imeandikwa upya. Niliipiga. Akaileta tena. Katika miaka minne nilipiga sura ya kwanza mara tisa, na mara ya tisa sentensi ya kwanza ilikuwa imerudi kuwa ile ya mara ya pili.

"Mwalimu, tuendelee na sura ya pili."

"Msingi ukipinda, Sista, nyumba itasimamaje?"

"Nyumba haipo. Kuna msingi tu. Watu wanapita wanauliza ni nini hiki."

Alicheka, akakunja karatasi zake. Msimamizi wake chuoni alistaafu, akaja mwingine aliyemwandikia barua ya kumpa mwaka mmoja amalize. Mwaka ukapita. Sikuona tena barua nyingine, na yeye hakusema neno. Mtu anayeweza kukueleza jinsi telegramu kutoka Lyon, Ufaransa, ilivyoshusha bei ya hariri kwa asubuhi moja, ila hawezi kukueleza kilichompata yeye mwenyewe, anachosha kwa namna ambayo sijawahi kupata jina lake.

Mambo niliyomkasirikia yalitokea Dallas, katika nyumba za kupanga za Vickery Meadow. Mwalimu alikuwa akienda huko kila Jumamosi kuwafundisha Kiingereza wanawake wa Kongo, wakimbizi kutoka upande wa mashariki, wasio na muda mrefu nchini. Mara nyingi mimi nilimpeleka kwa sababu gari lake lilikuwa limelala. Darasa lilikuwa sebuleni kwa Mama Furaha, mwanamke mpana, mtulivu, ambaye ukiongea naye unajikuta unapunguza sauti. Wanawake walikuwa saba au wanane. Walikaa sakafuni na kwenye kochi, na huku wanarudia maneno ya Kiingereza mikono yao ilikuwa inafuma vitambaa vya meza kwa sindano yenye ndoana, uzi mweupe, maua na majani, bila kutazama. Nimeona vitambaa vingi maishani. Vile vilikuwa vya kukufanya unyamaze.

Walikuwa wakimpelekea mtu mmoja mwenye duka la mapambo kaskazini mwa jiji. Siku moja wakati wa mapumziko Mama Furaha alimwonyesha Mwalimu kitambaa kilichorudishwa. Mwenye duka alisema kina kasoro. Mwalimu akakikunjua magotini. Katikati palikuwa na duara la kahawia la kikombe cha kahawa.

"Duara hili mlilifuma nyinyi?" aliuliza.

Wanawake walicheka, lakini si sana.

"Yeye anafungulia wapi mzigo, Mama?"

"Kwake. Kule nyuma," alisema Mama Furaha. "Sisi hatuingiaka kule. Tunaacha kwa mlango, tunarudia nyumba. Kiisha wiki mbili anaita, anasema, hii iko muzuri, hii iko mubaya."

"Na lini viko vibaya zaidi?"

Alifikiri kidogo. "Mbele ya Noeli, yote iko muzuri. Kiisha Noeli, yote iko mubaya."

Mwalimu alikaa chini. Nilimwona uso wake na nikajua Kiingereza kimekwisha siku ile. Kwa miaka kumi alikuwa amebeba jambo kichwani ambalo hakuna aliyelihitaji, na sasa lilikuwa limekaa magotini pake likiwa na doa la kahawa.

Aliwasimulia. Niseme ukweli, aliwasimulia vizuri sana. Wafanyabiashara wa Kijapani waliposhusha hariri yao Yokohama, iliwabidi waipeleke kwenye ghala la mnunuzi mgeni. Huko mgeni aliifungua peke yake, akaipima kwa mizani yake, akakaa nayo. Habari za bei nzuri zikifika kutoka ng'ambo, hariri ilikuwa safi. Bei ikianguka, hariri iliota mafundo, ikarudishwa. Mwenye mali hakuwa na la kufanya. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, ambapo wafanyabiashara wale walikaa pamoja wakasema: tutakuwa na ghala moja, letu. Anayetaka hariri aje hapa, aitazame hapa, aipime hapa, mbele ya macho yetu. Wageni wakakataa. Wao wakafunga milango. Hariri haikutoka. Bandari nzima ikasimama.

Sindano zilikuwa zimesimama pia. Mama Furaha aliuliza, "Na walishinda?"

"Walisimama," alisema Mwalimu. "Wote pamoja, kama mtu mmoja."

Nilikuwapo. Nilisikia swali, nikasikia jibu, na sikugundua kwamba havikukutana.

Basi wakaamua. Vitambaa vyote vikae kwa Mama Furaha. Mwenye duka aje pale siku ya Jumamosi, avifungue mbele yao, achukue au akatae pale pale, na atakachokichukua kisirudi. Mwalimu aliandika barua ya kurasa nne. Niliipunguza ikawa nusu ukurasa. Alipoitia sahihi nikaona aya ya Yokohama imerudi.

"Mwalimu, huyu mtu anauza mishumaa na malaika wa plastiki. Yokohama inamhusu nini?"

"Itamfanya ajue kwamba tunajua."

Wiki ya kwanza mwenye duka hakujibu. Wiki ya pili alipiga simu, akaongea na mtoto, Furaha, kwa sababu mama yake hakufuata Kiingereza cha haraka, akasema hana nafasi ya kuzungukia nyumba za watu. Mwalimu alifurahi. Alisema Yokohama nao walijibiwa hivyo hivyo mwanzoni. Vitambaa vikarundikana juu ya kitanda cha Mama Furaha, hata yeye na watoto wakawa wanalala sebuleni. Wiki ya tatu mmoja wao alipita kwa basi mbele ya duka lile, akaona dirishani vitambaa vya mashine, vyeupe, vimekunjwa vizuri.

Nilimwambia Mwalimu garini kwamba huenda wakati wa kutafuta suluhu umefika. Wapate hata nusu: waruhusiwe kuwapo mzigo unapofunguliwa.

"Sista, ukianza kuomba nusu unapewa robo."

"Wao wanapewa nini sasa hivi?"

Alitazama nje kwenye maegesho. "Wanapewa heshima yao."

Nilitaka kumwambia kwamba heshima hailipi kodi ya nyumba. Niliwasha gari. Nilikuwa nimechoka kushindana na mtu mwenye mifano mingi.

Mmoja wa wale wanawake aliitwa Mama Aline. Alikuwa kimya kuliko wote, mjane, na kitambaa chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, cha meza ya watu kumi na wawili, kazi ya miezi miwili. Katika wiki ya tatu alikichukua kutoka kwenye rundo, akakifunga kwenye khanga, akapanda basi, akakipeleka dukani. Tulijua kwa sababu binti yake Aline alimwambia Furaha shuleni, bila kujua kwamba ni siri.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakufungua daftari. Alisimama katikati ya sebule. Nilitarajia Kiingereza, lakini alitumia Kiswahili, safi, taratibu, kila neno likitua mahali pake, na ndiyo maana lilikuwa baya.

"Mama Aline, Yokohama nako palikuwa na watu wa mlango wa nyuma. Wenzao wamesimama mbele, wao wanapitisha mali nyuma. Watu hao wana jina. Wanaitwa wasaliti."

Aline alikuwa amekaa kando ya mama yake akifanya hesabu za shule. Kiswahili kigumu cha Mwalimu kilimpita. Akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida tu, neno hilo la mwisho lina maana gani. Mama Aline aliweka uzi wake kwenye mfuko, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Hakuna aliyewafuata.

Baada ya hapo mshikamano wote ulikatika. Mwezi haukwisha, wanawake walikuwa wamerudi dukani mmoja mmoja, kila mtu na lake, na mwenye duka sasa alichukua vichache na kuchagua anavyotaka. Mama Furaha hakurudi. Alipata kazi kwenye ghala la kufungasha bidhaa, na sikumwona tena na sindano ya kufuma mkononi. Mama Aline alihamia kanisa jingine. Wenzake walikuwa hawamsalimii. Alikuwa akienda kufua kwenye mashine za pale chini saa ambazo wengine wako kazini. Watu waliokimbia vita pamoja, waliokaa kambi moja, sasa wanatazamana pembeni kwa sababu ya kitambaa cha meza na hotuba ya mtu wa Arlington.

Na Mwalimu? Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Kazini akaomba kuacha kazi. Nilipokwenda kwake nikamkuta jirani akifagia ngazi, akaniambia amehamia Houston, na ameniachia boksi. Juu yake palikuwa na neno moja: Sista. Ndani ilikuwa kazi yake yote.

Niliisoma kwa hasira, nikitafuta kosa. Sura ya nne sikuwahi kuipiga. Ilikuwa imepigwa chapa zamani, na mtu wa pale chuoni, kabla hatujajuana. Ilihusu ghala la Yokohama. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba mgomo ule ulidumu miezi michache, na ukaisha kwa mapatano. Ghala la pamoja lilikubaliwa kwa maneno na halikujengwa. Hariri ikarudi kupelekwa kwa wageni, ikafunguliwa na wageni, kwa sehemu kubwa kama zamani, kwa miaka mingine mingi. Na palikuwa na jambo jingine: wale wafanyabiashara walikuwa watu wazito, wenye benki nyuma yao na wakubwa wa serikali wakiwaombea heri kimyakimya. Wanawake wa Vickery Meadow nyuma yao walikuwa na Mwalimu.

Alijua. Siku alipojibu "walisimama" alijua jinsi ilivyokwisha. Nilifunga boksi na kuliweka juu ya kabati, na kila nilipofungua kabati nilikasirika upya.

Baada ya miaka mitatu binamu yangu aliolewa Houston. Kwenye harusi nikasikia watu wakitaja mwalimu mmoja Mkenya anayekaa mtaa wa Gulfton, anayefundisha wageni maswali ya uraia na kuwachosha kwa habari za hariri. Asubuhi yake, badala ya kushika njia ya kurudi, nilienda.

Zilikuwa nyumba nyingi zilizobanana, nguo zimetundikwa kwenye kuta za roshani, watoto wanaongea Kihispania. Nilimkuta kwenye chumba cha mashine za kufulia, anakunja shuka. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe. Aliniona, akaendelea kukunja mpaka ncha zikakutana.

"Sista."

"Nimesoma sura ya nne."

Aliweka shuka chini. "Nilijua utaisoma. Ndiyo maana nilikuachia."

"Mama Furaha alikuuliza kama walishinda."

"Aliniuliza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kwa sababu asingeanza." Alisema bila kujitetea. "Na mimi nilitaka waanze. Nilikuwa nimekisoma kile kitu kwa miaka kumi, Sista, nikitamani mwisho wake uwe mwingine. Nikadhani hapa labda utakuwa mwingine."

Nilimwambia kila kitu: kazi ya Mama Furaha ghalani, kanisa jipya la Mama Aline, saa zake za kufua nguo. Nilimpigia kelele katikati ya mashine zinazozunguka, na mwanamke mmoja akahamisha kapu lake. Alisikiliza. Nilipomaliza alinyosha mkono.

"Nipe simu yako. Unayo namba ya Mama Furaha?"

Mama Furaha aliitika baada ya mlio wa kwanza. Sauti yake ilisikika hata pale nilipokuwa nimesimama. Mwalimu alijitambulisha, kisha akasema kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe: "Mama, uliniuliza kama watu wa Japani walishinda. Hawakushinda. Nilijua, na sikukwambia."

Kisha Mama Furaha akasema, "Mwalimu, tulijua."

"Mlijua?"

"Kama walishinda, ungesema siku ile ile. Wewe unapenda kusema." Nyuma yake palisikika sahani zikiwekwa. "Tulijua. Tulikuwa tumechoka vile anafungulia kule nyuma. Tulipenda tukatae mara moja, hata kama tunapoteza. Usifikiri tulikuwa watoto."

Mwalimu alihamishia simu sikio la pili.

"Mimi sina neno na wewe," aliendelea. "Ulienda bila kuaga, ile ni mubaya, lakini bon, basi. Mwenye uko na deni yake ni Mama Aline. Ulimwita lile neno mbele ya mtoto. Na sisi tulilishika, tukamwita nalo. Mimi nimekwisha enda kwake. Bado wewe."

Alipokata simu, Mwalimu alisema ataangalia ratiba yake ya kazi, pengine mwishoni mwa mwezi, pengine atamwandikia kwanza. Nilimtazama. Nilimwona akianza kuandika upya sura ya kwanza.

"Chukua koti," nikamwambia.

"Leo?"

"Gari liko hapo nje."

Tulitoka Houston kabla ya saa tano asubuhi. Ni mwendo wa saa nne, na nilimwonya kwamba akitaja hariri namshusha Huntsville. Hakuitaja. Karibu na Corsicana aliniuliza kama watoto wangu hawajambo, akasikiliza jibu lote.

Mama Aline bado alikaa kwenye nyumba zile zile, jengo la nyuma, ghorofa ya pili. Jua lilikuwa bado kali. Alifungua mlango akiwa na taulo begani. Alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akarudi kwake.

"Nilikuita neno baya, Mama Aline," alisema Mwalimu. "Mbele ya mtoto wako na mbele ya wenzako. Halikuwa haki yako. Nimekuja kuomba msamaha."

"Aline alikuwa anakohoa wiki mbili," alisema Mama Aline. "Nilikuwa natafuta pesa ya kumpeleka kwa daktari. Kitambaa ilikuwa yangu, nilifuma mimi. Hakuna mutu aliniuliza juu ya nini nilienda."

"Sikuuliza."

"Hapana. Ulifundisha."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nimemwona akinyamaza mara nyingi, na kila mara ungeona sentensi inayofuata ikijipanga usoni. Safari hii hapakuwa na kitu kinachokuja.

Kisha Mama Aline akageuka kwangu. Sauti yake haikupanda.

"Na wewe, Sista. Siku ile ulikuwa umekaa karibu ya mlango. Mimi na mtoto tulipita mbele ya magoti yako."

Miaka mitatu nilikuwa nimeihifadhi hasira ile, nikiitunza, nikiitolea habari kwa watu harusini. Sikuwa nimejiuliza hata mara moja mimi nilikuwa nimekaa wapi. Nikasikia midomo yangu ikisema neno lile lile alilosema Mwalimu.

"Sikuuliza."

Mama Aline alivuta taulo begani, akasogea pembeni ya mlango.

"Muingie," alisema. "Kusamehe, nitaona."

Tukavua viatu, tukaingia, tukakaa pale alipotuonyesha.